Roadster ya 1991 iwe ya umeme: anza na betri, mota itafuata

Msomaji wetu wa Arusha anauliza: "Nina Eunos Roadster ya mwaka 1991, injini ya petroli ya lita 1.6. Pete za pistoni zimekwisha, inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi anataka kuishusha injini yote. Kabla sijatoa hela najiuliza, kwa nini nisiigeuze iwe ya umeme mwenyewe, hapa hapa nyumbani? Kazini kwangu ni kilomita 12, na mara moja kwa mwezi naenda Moshi kumwona mama. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Jamaa mmoja ananishauri nitumie mota ya foklifti na betri za sola. Inawezekana? Nianzie wapi?"

Inawezekana, ndugu yangu, na gari ulilonalo linafaa kwa kazi hii kuliko magari mengi. Roadster yako, iliyotengenezwa na Mazda, ina uzito wa kilo 950 hivi. Inaendeshwa na magurudumu ya nyuma, gia ni za mkono, na umeme wake wa mwaka 1991 ni wa kawaida, hauna kompyuta kumi zinazogoma ukichomoa injini. Na hapa kwetu jambo hili si geni. Kampuni ya Opibus ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2017 na leo inaitwa Roam, ilikuwa inageuza Land Cruiser za safari ziwe za umeme. Kama gari la tani mbili na zaidi linakwenda porini kwa betri, kagari kako kadogo hakashindwi na barabara ya Njiro.

Ila ushauri wa mota ya foklifti na betri za sola uuweke kando kabisa. Najua ushauri huo ulikotoka. Kwa miaka mingi watu waliogeuza magari majumbani, Marekani na Ulaya, hawakuwa na njia nyingine: walichukua mota ya mkondo mnyoofu (DC) yenye brashi wakaijazia betri za risasi. Mota hizo ni nzito, nyingi zinavuka kilo 100, brashi zinaisha, na hazirudishi umeme kwenye betri unapopunguza mwendo. Kibaya zaidi, kidhibiti chake kikiungua vibaya kinaweza kuiachia mota umeme wote bila wewe kukanyaga chochote.

Betri za sola nazo hazikutengenezwa kwa kazi hii. Chukua ile ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, inayouzwa kila duka la sola siku hizi. Inabeba uniti 5 hivi za umeme (uniti moja ni kilowati-saa moja), na ulinzi wake wa ndani kwa kawaida unaruhusu ampea 100, yaani kilowati 5. Gari lako likipanda mlima au likipita lori linataka kilowati 50, 60, hata 80. Ungehitaji masanduku zaidi ya kumi. Na ukiyaunga kwa mfululizo ili upate volti za kutosha, ule ulinzi wa ndani haukujengwa kuhimili jumla ya volti hizo. Siku ulinzi huo ukikata umeme ukiwa barabarani, wenyewe utaungua na hautafanya kazi tena.

Njia ninayokushauri ni moja: nunua gari la umeme la Nissan Leaf zima, iliyogongwa au iliyochoka bodi, lakini inayowaka na kutembea. Usinunue mota kwa huyu, chaja kwa yule na betri kwa wa tatu. Vifaa vya Leaf vinazungumza kwa ujumbe wa kompyuta. Vikitoka gari moja vinafahamiana tayari, na kila waya, plagi, pampu na fyuzi unayoihitaji unaikuta humo humo. Tafuta toleo la 2013 au la baadaye, kwa sababu humo mota, inveta (inayogeuza umeme wa betri uweze kuzungusha mota) na kile kisanduku chenye chaja pamoja na kibadilishaji cha volti 12 vimepangwa juu ya kila kimoja kama mzigo mmoja. Matoleo ya mwanzo yaliweka chaja nyuma, na hilo linakuongezea nyaya na mabano. Mota ya toleo la 2013 ni ya kilowati 80 na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutonimita 254. Injini yako, ilipokuwa mpya, ilitoa nguvu za farasi 120 na nyutonimita 137 hivi, tena hiyo ni pwani. Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari, ambako injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 14 ya nguvu zake kwa uchache wa hewa. Mota haivuti hewa. Nguvu utakayokuwa nayo Tanga pwani ndiyo utakayokuwa nayo Sakina, Arusha.

Sasa betri, maana hapa ndipo gari lako litakapofaulu au kushindwa. Wengi wanaoandika kuniuliza wanaanza na mota. Mota ya Leaf haina shida, mara chache sana utaikuta imekufa. Betri ndiyo iliyozeeka, na ndiyo itakayokuambia unafika wapi.

Tupige hesabu ya safari zako. Gari dogo kama hili, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kona na milima ya kawaida, lihesabie uniti 14 kwa kila kilomita 100. Ukishusha paa hesabu inapanda kidogo kwa sababu ya upepo. Kazini na kurudi ni kilomita 24, yaani uniti tatu na nusu. Hiyo hata betri iliyochoka sana inakupa. Mtihani ni Moshi. Ni kilomita 80 kwenda, na Moshi iko chini ya Arusha kwa zaidi ya mita 500. Kwenda unateremka, kurudi unapanda. Kuinua gari la kilo 1,100 pamoja na wewe kwa mita 500 kunakula takriban uniti moja na nusu ya nishati tupu, ukiongeza upotevu wa njiani inakaribia mbili. Kwa hiyo weka uniti 11 kwenda na 13 kurudi.

Leaf ya betri ya kilowati-saa 24 ilipokuwa mpya ilikupa kama uniti 21 za kutumia. Ikiwa imebaki na asilimia 80 ya afya yake, una uniti 17. Unafika Moshi ukiwa na 6, na kurudi unahitaji 13. Chaja ya kilowati 3.3 ukiichomeka nyumbani kwa mama kwa saa tatu itakurudishia uniti 9, unarudi Arusha na akiba ndogo. Kama kumtembelea mama kwako ni kukaa mchana kutwa, betri hiyo inatosha. Kama unataka kwenda na kurudi bila kuomba soketi, huna budi kutafuta betri ya kilowati-saa 40 ya Leaf mpya, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2017. Ikiwa na asilimia 85 itakupa kama uniti 32, unarudi nyumbani na 8 mkononi. Uamuzi huu ufanye kabla ya kununua chochote, kwa sababu ndio unaoamua unanunua Leaf ipi.

Kabla ya kulipa, pima. Kuna programu ya simu inaitwa Leaf Spy. Unanunua kifaa kidogo cha bluetooth, unakichomeka kwenye plagi ya uchunguzi chini ya usukani, na simu inakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na volti ya kila jozi ya seli, zote 96. Usitegemee vile vijisanduku 12 vya kwenye dashibodi peke yake: cha kwanza hakipotei mpaka betri ipoteze asilimia 15 hivi, na kuna wauzaji wanaovirudisha kwa kompyuta. Angalia tofauti kati ya seli ya juu na ya chini. Gari likiwa limesimama, tofauti ya milivolti 20 au 30 si neno. Kisha mwombe muuzaji mkanyage mlimani huku unatazama simu. Seli moja ikiporomoka peke yake wakati wenzake wanashuka kidogo, moduli hiyo (kile kifurushi chenye seli hiyo) imekufa, na bei ishuke au uondoke.

Jambo lingine la kujua ni joto. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji wala feni. Wamiliki wa kule Phoenix, Arizona, waliona betri zao zikichakaa mapema mno kwa sababu ya jua la jangwani, na malalamiko yao ya mwaka 2012 yalichangia Nissan kuleta kemia inayovumilia joto zaidi katika matoleo ya 2015. Arusha una bahati ya ubaridi. Hata hivyo Leaf utakayonunua ikiwa imeishi Dar es Salaam miaka mitano, ipime kwa jicho kali zaidi kuliko ile iliyoshuka melini juzi.

Turudi kwenye gari lako. Watu watakuambia gari la umeme halihitaji gia boksi, na ni kweli kwa Leaf yenyewe. Kwako iache. Roadster ina fremu ndefu ya alumini inayofunga gia boksi na difu pamoja, na fremu hiyo ndiyo inayoizuia difu isijipinde unapokanyaga. Ukitoa gia boksi umeondoa mguu mmoja wa mfumo mzima, na itabidi ubuni mhimili mpya wa difu. Kazi hiyo haina faida, kwa sababu uwiano uliomo tayari unafaa ajabu. Gia ya pili ya Roadster yako ni 1.888, difu ni 4.3. Zidisha: 8.12. Leaf ya 2013 ina uwiano mmoja tu, 8.19. Yaani ukiweka gia ya pili, mota itajiona iko nyumbani kwake. Ya tatu inakupa 5.72, na kwa matairi yako ya inchi 14, kilomita 80 kwa saa itakuwa mizunguko 4,200 kwa dakika. Mota ya Leaf inafika zaidi ya 10,000, lakini gia boksi yako ilizoea mwisho wa 7,000, basi heshimu kikomo hicho. Gia ya pili itakufikisha kilomita 90 na kitu, ya tatu 130. Mjini weka ya pili, barabara ya Moshi weka ya tatu, na ubadilishe gari likiwa limesimama. Klachi huihitaji tena.

Kinachohitaji usahihi ni kile kiungo kati ya mota na gia boksi: bamba la alumini linaloshika vyote viwili, na bushi inayounganisha shafti mbili. Chukua diski ya klachi kuukuu, toa kitovu chake chenye meno ya ndani, na mpelekee mtu mwenye mashine ya kukereza aliyezoea kazi za viwandani. Shafti hizo mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja kwa tofauti isiyozidi sehemu tano za mia za milimita, ipimwe kwa saa ya kupimia na si kwa macho. Zikipishana zaidi ya hapo, beringi za gia boksi zitalia ndani ya miezi michache. Kaka yako fundi wa kuchomelea ni hazina kubwa kwa mabano na masanduku, lakini kiungo hiki kisichomelewe nyumbani.

Na msokoto usiuachie wote. Difu ya Roadster ya 1.6 ni ndogo, ndiyo maana Mazda waliiongeza ukubwa walipoleta injini ya 1.8 mwaka 1993. Kompyuta itakayoiamuru mota ikuruhusu kuweka kikomo. Mradi wa chanzo huria wa openinverter una ubao wa kielektroniki unaoitwa ZombieVerter unaozungumza lugha ya inveta ya Leaf, na humo unaweka kikomo cha msokoto unachotaka. Anza na nyutonimita 100, ukishaliamini gari panda hadi 160 au 180. Hapo tayari utakuwa na mvuto ambao injini yako haikuwahi kuwa nao.

Kabla hujafungua hata nati moja, peleka gari kwenye mzani na upime mbele peke yake na nyuma peke yake. Roadster inapendwa kwa sababu uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu, na ukiharibu hilo umebaki na kagari kadogo kazito kasicho na raha. Utatoa injini, rejeta kubwa, ekzosi, na tangi la lita 45 pamoja na mafuta yake: kwa jumla kama kilo 200. Utarudisha mota ya kilo 60 hivi, inveta na chaja yake, na moduli 48 za betri ya kilowati-saa 24, kila moja kilo 3.8, ambazo peke yake ni kilo 182. Ukiongeza masanduku na nyaya, gari litaongezeka kama kilo 100. Zigawe moduli: kundi moja mbele juu ya mota, kundi jingine mahali pa tangi, nyuma ya viti na mbele ya buti. Weka chini iwezekanavyo. Usiweke hata moduli moja ndani ya sehemu ya abiria.

Masanduku yawe ya chuma au alumini, yafungwe yasiingize maji ya masika, yabanwe kwenye chasi na si kwenye bati. Seli za Leaf ni mifuko bapa, na kiwandani zilibanwa kwa nguvu kati ya mabamba mawili ili zisivimbe. Nawe zibane hivyo hivyo. Weka fyuzi kati ya sanduku la mbele na la nyuma, na uhamishe kontakta (swichi kubwa za umeme) za Leaf pamoja na kipingamizi chake cha kuchaji taratibu. Inveta ina kapasita kubwa ndani, kifaa kinachohifadhi umeme. Ukiifungulia betri ghafla bila kipingamizi hicho, kontakta zinajichomelea zenyewe, na tangu hapo huwezi kuuzima umeme.

Na sasa nikuombe usome aya hii mara mbili. Betri iliyojaa ni volti 400 za mkondo mnyoofu. Umeme wa nyumbani unapita sifuri mara mia kwa sekunde, na cheche yake inakatika yenyewe. Cheche ya mkondo mnyoofu haikatiki, inaendelea kuyeyusha spana hadi kitu kiishe. Toa ile plagi ya usalama ya betri kabla ya kugusa chochote, subiri dakika 10 kapasita zijimwage, kisha pima kwa multimita yenye uwezo wa volti 1,000, halafu upime tena. Vaa glavu za mpira za mafundi umeme zilizopimwa kwa volti 1,000, si zile za kuoshea vyombo. Vua pete, saa na mkufu. Spana zifungwe tepu ya umeme mpaka karibu na mdomo. Usifanye kazi peke yako hata siku moja, na anayekaa nawe afahamu namna ya kukuondoa kwa kipande kikavu cha mbao. Wakati wa kutenganisha moduli, funika kila ncha mara tu unapoifungua, maana moduli hazina swichi. Kama huna uzoefu wa umeme mkubwa, lipa fundi wa umeme aje siku za kazi hiyo tu. Mengine yote unaweza.

Breki zinasahauliwa na wengi. Buta ya breki, ile inayokupunguzia nguvu ya kukanyaga, ilikuwa inavuta ombwe kutoka kwenye injini, na injini haipo. Funga pampu ya ombwe ya umeme yenye tangi dogo na swichi ya shinikizo, na uweke taa ya onyo kwenye dashibodi. Breki ya mkono iwe nzima kabisa, kwa sababu mota iliyozimwa haishiki gari mlimani hata ukiliacha kwenye gia. Na ile breki ya mota inayorudisha umeme uiweke ndogo mwanzoni. Inafanya kazi magurudumu ya nyuma tu, na kwenye lami yenye utelezi inaweza kuyafunga ukazunguka.

Nyumbani usichaji kwa ekstensheni. Kilowati 3.3 ni kama ampea 14 kwa saa saba mfululizo, na soketi ya kawaida iliyolegea inayeyuka. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, milimita nne, wenye sakiti breka yake na kinga ya umeme unaovuja, na hakikisha nguzo ya athi ya nyumba inafanya kazi kweli. Kwa mama Moshi pia fundi umeme akague kwanza.

Kuhusu hela nitakuambia wazi. Kwa takriban shilingi 350 kwa uniti ya LUKU, kilomita 100 zitakugharimu chini ya shilingi 6,000. Kwa petroli, lita 8 kwa karibu shilingi 3,000, ni 24,000. Wewe unatembea kama kilomita 700 kwa mwezi, kwa hiyo unaokoa kama laki moja na ishirini. Kiasi hicho hakitarudisha bei ya Leaf haraka. Kubadilisha pete za pistoni ni bei nafuu zaidi kwa mbali. Kama shida yako ni moshi wa bluu peke yake, mruhusu fundi wako aishushe injini. Geuza gari hili kwa sababu unalipenda na unataka kuliendesha miaka ishirini ijayo.

Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini na aina ya mafuta. Nenda TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kukata chuma, uulize wanataka nini kwenye mabadiliko hayo, na umwarifu mtu wa bima. Injini ya zamani ihifadhi hadi makaratasi yakamilike.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, gari liwe juu ya stendi, magurudumu ya nyuma hewani, kikomo nyutonimita 30. Ukishapata Leaf unayoitaka, usilipe bado: nipigie picha ukurasa wa seli 96 wa Leaf Spy, mmoja gari limesimama na mmoja likiwa linapanda mlima, unitumie, nami nitakuambia kama betri hiyo itakufikisha Moshi.